Kahawa ya Juu ya Kikapu

Felicitas alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa miaka kumi na mitatu alikuwa hajacheka bila kuweka kiganja mdomoni. Meno manne ya mbele, ya juu, hakuwa nayo. Yaling'olewa asubuhi moja ya gulio, akiwa amekalishwa juu ya kreti la soda, na mtu mwenye koleo ambaye watu walimwita daktari kwa sababu tu alivaa koti jeupe. Meno yenyewe hayakuwa yameoza. Yalikuwa yanacheza tu, na mama yake, Benadeta, aliona ni heri yatoke yote kuliko watu wa kijiji chao cha Songambele waanze kusema binti yake ana gonjwa. Yakatoka, na watu wakasema hivyo hivyo. Nolasco, aliyekuwa amchumbie mwaka ule, alikuja kumpa pole, akamtazama mdomoni, akanywa chai yake mpaka mwisho, akaaga, wala hakurudi tena. Alikuwa na adabu huyo mwanaume, alimaliza chai kwanza.

Kwa hiyo siku mdogo wake Benitha alipomwambia, "Dada, ya mbele yanacheza," Felicitas hakungoja mama aambiwe. Alimchukua kesho yake alfajiri, wakapanda bodaboda na kisha gari, mpaka hospitali moja huko Karagwe ambako kulikuwa na daktari wa meno wa kweli, mwenye mashine ya picha.

Benitha alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa fundi cherehani Murongo, mpakani, na alikuwa mzuri, na meno yake ndiyo yaliyokuwa uzuri wenyewe. Felicitas ndiye aliyemlea. Mama alipokuwa shambani, yeye, mtoto wa miaka kumi na moja, ndiye aliyemtafunia ndizi na kumtilia mdomoni. Hilo Felicitas hakulisema kwa mtu, lakini hakulisahau hata siku moja.

Daktari aliitwa Anastazi, mtoto wa mkulima wa Rugera, na alizungumza nao kama mtu aliyewahi kushika jembe. Aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazameni. Jino la kawaida mzizi wake ni mrefu kuliko hiki unachokiona ukicheka. Ya kwako, haya mawili ya kati, mzizi umeishia hapa. Hayajaoza, na fizi ni nzima. Ni kwamba yameshikwa juu juu tu. Umezaliwa hivyo."

"Ni laana, daktari?" Benitha akauliza.

"Laana ya nini, binti! Ni urithi. Nyumbani nani mwingine ana mapengo?"

Dada na mdogo wakatazamana. Baba yao, mzee Gaudiosus, alikuwa na mapengo matano tangu ujana wake, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Mwanaume akikosa meno watu husema amekula maisha.

Daktari akawaeleza yanayowezekana. Kung'oa ni kazi ya dakika mbili, kisha mtu anavaa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Mwenye uwezo anaweza kwenda Mwanza akapandikizwa jino la skrubu ndani ya taya. "Lakini jino lako mwenyewe," akasema, "hata liwe na mzizi mfupi namna gani, maadamu limekaa, halijapata mshindani. Mimi nasema tuyafunge. Waya mwembamba kwa nyuma, sita pamoja, tunayagandisha yabebane, kama unavyouwekea nguzo mgomba wenye mkungu mzito. Na haya ya chini nitayasaga ncha kidogo yasiyagonge ya juu. Ukiyatunza yanaweza kukaa miaka na miaka."

"Kuyatunza vipi?"

"Muwa, mahindi ya kuchoma, mfupa, kitu chochote kigumu, hapana kwa meno ya mbele. Na asije fundi wa mtaani akakuambia akuwekee zile waya za kunyooshea. Zile zinavuta, na mzizi unazidi kuliwa. Na ikitokea ajali jino likatoka, lishike huku juu, usiuguse mzizi, usilisugue. Litie kwenye maziwa, uje mbio. Saa ya kwanza ndiyo saa yenyewe."

Hapo Felicitas akaondoa kiganja mdomoni. Hakujua kwa nini. Daktari akainama, akachungulia, akakunja uso.

"Haya nani aliyatoa?"

"Mtu wa gulioni."

"Yalikuwa yameoza?"

"Yalikuwa yanacheza tu."

Daktari Anastazi akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Haya nayo yangefungwa," akasema. Hakuwa na nia mbaya. Ila yako maneno ambayo afadhali mtu akae nayo tumboni, na hayo yalikuwa miongoni mwake.

Njia nzima ya kurudi Benitha alikuwa akiupapasa waya kwa ulimi na kucheka. "Dada, nasikia kama nimemeza uzio!" Felicitas naye akacheka, mkono mdomoni. Alifurahi, Mungu ni shahidi, alifurahi. Na chini ya ile furaha kitu kingine kilimkaa kifuani, kizito, na aliona haya kukitazama.

Miezi mitano baadaye, Jovitus akaleta barua ya posa. Alikuwa mfanyabiashara pale Murongo, mtu wa Muleba, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza. Nyumbani kwa Gaudiosus ilikuwa vifijo mpaka mama Benadeta alipokumbuka kahawa.

Katika ukoo wa Gaudiosus binti hachumbiwi bila kahawa. Si ya kunywa, ni ya kutafuna, ile wanayoiita amwani. Wageni wakishakaa, binti hutoka na kikapu kidogo chenye mfuniko, hupiga magoti mbele ya mama mkwe, huchukua tunda moja, akalipasua kwa meno ya mbele mbele ya macho ya watu. Ndani ya tunda mna mbegu mbili. Moja anabaki nayo mwenyewe, moja anampa mama mkwe, wanatafuna pamoja, na tangu hapo wao ni mtu na mwanawe. Asiyepasua, maana yake hataki, au ana lake jambo.

"Tuwaambie tu," Felicitas akasema. "Tuseme daktari amemkataza."

"Tuseme ana nini?" Mama Benadeta akaja juu. "Tuseme ni ugonjwa wa ukoo? Wakikuona na wewe ulivyo, watahesabu vidole: wa kwanza hana, wa pili anafungwa na waya, wajukuu wetu watakuwaje? Siku hiyo hiyo wanarudi kwao."

Na mzee Gaudiosus, mapengo yake matano wazi, akasema mila ya baba yake haiwezi kubadilishwa na daktari.

Ni Felicitas aliyepata njia. Kazi ya kuandaa amwani ilikuwa yake tangu zamani, na hakuna aliyemfikia. Alichuma matunda kabla hayajaiva sana, akayachemsha na majani ya harufu, akayaanika, akayafukiza moshi juu ya jiko. Yakawa makavu ya kutafunika, lakini kwa meno yale bado yalikuwa hatari. Akamwambia Benitha, "Nitalichemsha tunda moja peke yake tangu usiku, nitaliacha kwenye maji ya moto mpaka lilainike kama maharage. Nitalifuta, nitaliweka juu kabisa ya kikapu. Wewe chukua la juu. Ukiligusa tu litafunguka."

Benitha akamkumbatia. Kisha, akiwa bado kifuani kwake, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, siku hiyo... usitoke jikoni. Ni siku hiyo tu. Ukicheka wataona."

Felicitas alimwitikia vizuri tu. Alimwambia hakuna neno, kwani jiko litamtaka. Usiku ule alilala amegeukia ukuta, na hakulia. Alikuwa ameshalia sana zamani, machozi yalimwishia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi yenye jua. Turubai lilifungwa uani, viti vikapangwa, na kutoka jikoni mpaka turubaini hazikuzidi hatua kumi, kwa hiyo Felicitas alisikia kila kitu. Alisikia gari likisimama. Alisikia shikamoo na marahaba zikigongana. Kwenye upenyo wa mlango alimwona mama yake Jovitus, Prudensia, mwanamke mnene wa kitenge cha bluu, akikaa taratibu na kumshukuru kila mtu. Msemaji wao alikuwa mjomba, mzee Cassian, mcheshi mwenye sauti ya kwaya.

Felicitas alikuwa ameshika lile tunda laini kwenye kitambaa. Lilikuwa tayari. Alikuwa anafungua mfuniko alipomsikia mzee Cassian akiuliza kwa utani wake:

"Waitu, wakubwa zetu, tumekuja kuomba ua kwenye bustani hii. Lakini mgeni lazima ajue bustani yenyewe. Mna mabinti wangapi hapa, tusije tukabeba asiye wetu?"

Watu wakacheka. Na mama Benadeta akajibu, bila kusita hata kidogo, kwa sauti ya furaha, "Ni huyu mmoja tu, waitu. Mungu alitujalia huyu mmoja."

Benitha alikuwa amekaa mkekani, kitenge kichwani. Felicitas alimtazama kwenye upenyo ule. Alisubiri. Si kwamba alitaka Benitha asimame aseme neno. Kugeuka tu upande wa jikoni kungetosha, jicho moja tu. Benitha aliinamisha kichwa kama mwali mwenye adabu, akatulia.

Damu ikampanda Felicitas mpaka masikioni. Meno yake yaling'olewa juu ya kreti ili aibu iishe, na sasa yeye mwenyewe ameng'olewa. Aliyemtafunia yule mtoto ndizi sasa ni kama hakuzaliwa. Akatoka mlango wa nyuma. Pale nyuma ya jiko lilikuwa limeanikwa turubai la kahawa ya maganda, ile ya kuuza, ambayo haijachemshwa, imekaushwa na jua wiki tatu mpaka inalia kama kokoto ukiikanyaga. Akaokota moja. Akarudi, akaiweka juu ya kikapu. Lile tunda laini akalitupa motoni, likatoa mvuke kidogo, likanyamaza.

Benitha akaja kuchukua kikapu.

"Ni hili la juu, dada?"

"Ndilo hilo la juu."

"Ahsante, dada." Akambusu shavuni, akaondoka na kikapu.

Nafasi ilikuwepo. Hatua kumi, na Benitha alizitembea polepole. Felicitas angeweza kukohoa, kuangusha sufuria, kuita. Alisimama mlangoni, ulimi wake ukipita kwenye pengo, ukirudi, ukipita tena.

Benitha akapiga magoti mbele ya Prudensia. Akafungua mfuniko, akachukua la juu, akaliweka kati ya meno. Akauma kidogo. Halikufunguka. Felicitas aliona mabega yake yakisita, akaona macho yake yakitafuta, na watu wote wakimtazama, baba na mama na Jovitus wake. Akauma tena, kwa nguvu zake zote, kwa imani.

Ulisikika mlio mdogo tu. Wageni wakadhani ni kahawa, wakapiga makofi na vigelegele. Benitha alivuta kitenge mdomoni upesi, kama mtu mwenye haya, akaingiza vidole chini ya kitenge, akatoa mbegu moja, akaifuta, akampa Prudensia kwa mikono miwili. Prudensia akaitia mdomoni. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, uso ukabadilika kidogo, kisha akanyamaza kama mgeni anayejiheshimu. Benitha akainuka, kitenge bado mdomoni, akaja jikoni akitembea wima.

Alipoingia tu, akamshika dada yake mkono wa kulia, akaufungua, akatema ndani yake. Jino, damu, na nusu ya kahawa na ganda lake. Jino lilikuwa zima, zuri, jeupe, limebanduka kwenye waya, na mzizi wake mfupi kama punje ya mtama.

"Nimeuma vibaya, dada," akasema, damu ikimtoka pembeni. "Ni kosa langu, niliuma kwa pembeni. Maziwa! Maziwa yako wapi?"

Maziwa yote yalikuwa yameingia kwenye chai ya wageni.

"Nakimbia kwa jirani Therese, ng'ombe wake amekamuliwa sasa hivi. Wewe lishike. Usilisugue, dada, unakumbuka alivyosema? Lishike tu." Akapita mlango wa nyuma, akakimbia kati ya migomba akiwa na nguo zake za posa.

Felicitas akabaki amefumba kiganja. Jino lilikuwa la moto bado. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumfuata.

Huko nje Prudensia alikuwa anazungumza, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mama Benitha, mwanao ana haya jamani. Angeacha tu kupasua. Siku aliyocheka dukani kwa Jovitus niliuona ule waya nyuma ya meno, nikamhurumia. Nikamwambia Jovitus, huyo mtoto msimwumize na mambo ya mila. Haya ya kwangu ya juu yote unayoyaona, mama, si yangu. Nayavua usiku nayalaza kwenye glasi. Sisi hatukuja kupima meno ya mtu."

Benadeta akacheka kicheko kikavu.

"Na jambo la pili," Prudensia akaendelea. "Jovitus amenieleza kuwa huyu binti amelelewa na dada yake, Felicitas, na kwamba hata kahawa hii kaipika yeye. Benitha kila siku ni dada, dada. Nimemletea kitenge cha kumshukuru kwa ulezi wake. Ulipotuambia binti ni mmoja nilishtuka, nikadhani huenda amefariki na hatukuambiwa. Yuko wapi?"

Mzee Cassian hakungoja jibu. Aliinuka, akafika jikoni, akamkuta Felicitas amesimama kama kigingi. "Ee mama, kumbe uko huku unafichwa kama asali!" Akamshika mkono wa kushoto, akamtoa nje kwenye jua, na wageni wakapiga vigelegele kwa ajili yake, yeye Felicitas, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Alipiga magoti. Prudensia akamtazama usoni bila kuangalia mdomo. "Ahsante kwa kutulelea, mwanangu," akasema, na akamnyooshea kitenge kilichokunjwa, chekundu, kipya kabisa.

Felicitas akanyoosha mkono wa kushoto peke yake.

Minong'ono ikapita. Hakuna mtu wa pale, hata mtoto wa miaka minne, anayepokea zawadi ya mkubwa kwa mkono mmoja, tena wa kushoto. Prudensia akasubiri, akitabasamu. Felicitas hakusogea.

"Mikono miwili!" mama Benadeta akamfokea kwa sauti ya chini, yule yule mama aliyekuwa na binti mmoja. "Unataka kutuaibisha? Mikono miwili!"

Akautoa mkono wa kulia. Akaufungua.

Jino lilikuwa limeanza kukauka, limeshikana na damu kwenye mstari wa kiganja. Kando yake ilikuwa ile nusu ya kahawa. Jovitus aliruka kutoka kitini akiita jina la Benitha. Mama Benadeta alijishika kichwa. Lakini mzee Gaudiosus, aliyepanda na kuchuma na kuuza kahawa maisha yake yote, hakuliangalia jino. Aliinama, akaigusa ile kahawa kwa ukucha, akaigonga mara moja kama anavyofanya mbele ya mnunuzi.

"Hii ni ya maganda," akasema. "Hii haijaona sufuria."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wote pale walikuwa watu wa kahawa. Prudensia alitoa mbegu yake mdomoni polepole, akaiangalia, akamwangalia Felicitas, na kitenge akakirudisha mapajani.

Benitha akatokea nyuma ya jiko anahema, kikombe cha Therese mikononi, damu imemkaukia kidevuni. Maneno ya baba yake yalikuwa yamemkuta njiani. Akaja mpaka pale, akasimama mbele ya dada yake aliyepiga magoti, akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Felicitas alitaka aseme, amtukane, amwagie hata hayo maziwa usoni. Benitha akainama. Alilichukua jino kwa vidole viwili, huku juu, bila kuugusa mzizi, kama walivyofundishwa wote wawili, akalitumbukiza kwenye maziwa.

Kahawa akamwachia.